Kipenga kimoja, ngoma 200

Shabiki wa soka akisikia kipenga anajua moja: mpira umesimama. Rio de Janeiro, wakati wa kanivali, kipenga kina kazi nyingine: kuziamsha ngoma.

Klabu kama Mangueira na Portela, ambazo kule huitwa shule za samba, kila moja ina kikosi cha wapigaji 200 na zaidi, bateria. Mbele yao anasimama mestre, kocha na refa kwa wakati mmoja. Mdomoni ana apito, filimbi yenye matundu mawili ubavuni. Akiyaziba na kuyaachia kwa vidole, anapata sauti tatu. Surdo, yale madude makubwa yanayotikisa kifua, yakianza kulia, sauti ya mtu haifui dafu. Filimbi inapenya.

Patamu ni kwenye paradinha: ngoma zinanyamaza ghafla, kisha zinarudi kwa pigo moja. Mestre akikosea ishara, zinapishana, na majaji wa Sambadrome hawana msalie Mtume. Wanakata pointi, na ubingwa huweza kupotea kwa sehemu ya kumi tu ya pointi.

Mashabiki wa Brazil wamezihamishia ngoma hizo majukwaani. Ila filimbi huko ni mtego. Beki akidhani refa kapuliza, anadaka mpira kwa mikono ndani ya boksi. Sheria namba 5 imeliona hilo: refa akijiridhisha kuwa filimbi ya shabiki imevuruga mchezo, anausimamisha, kisha anadondosha mpira. Penalti hakuna.