Zebaki kwenye migodi ya dhahabu: marufuku, ama tuwaache vijana watafute?

Uzi mrefu kidogo, vumilieni.

Kila msimu wa siasa ukifika Migori au Kakamega, mjadala wa dhahabu unarudi vilevile. Mmoja anapanda jukwaani anasema zebaki ipigwe marufuku leo leo. Mwingine anajibu ati huo ni ujanja wa kuwanyang'anya vijana riziki ili mashimo wapewe matajiri. Makofi yanapigwa pande zote mbili na hakuna anayeeleza zebaki yenyewe hufanya nini. Mimi nitajaribu, bila kutaja mtu wala chama. Mkileta majina kwenye maoni nitayafuta.

Zebaki ni ile metali ya majimaji iliyokuwa kwenye vipimajoto vya zamani. Mchimbaji anaitaka kwa sababu inashika dhahabu. Mawe yakishasagwa, unga unaoshwa, unawekwa kwenye karai na maji, zebaki inamwagwa, mtu anakoroga, mara nyingi kwa mkono mtupu. Chembe za dhahabu ambazo ni ngumu hata kuziona zinanaswa na kuwa donge moja. Donge linakamuliwa kwa kitambaa, kisha linachomwa. Zebaki huchemka kwa nyuzi 357, inapaa, dhahabu inabaki. Kazi ni ya muda mfupi, na jioni hiyohiyo mtu ana pesa ya unga. Hapo ndipo watu wa marufuku huruka haraka.

Sasa tuje kwa hoja ninayoisikia kila mahali: "Nimeishika miaka kumi na niko sawa." Inaweza kuwa kweli kwamba ameishika tu, maana zebaki ya majimaji haipenyi ngozi kwa wingi. Lakini mvuke ni mambo mengine. Ukiuvuta, karibu asilimia 80 unabaki mwilini, unaingia damuni na kufika kwenye ubongo. Hauna rangi wala harufu, kwa hivyo hakuna kitu cha kukushtua. Dalili huja polepole: mikono kutetemeka, usingizi kupotea, hasira za ghafla, kusahau sahau, figo kudhoofika. Mtu anaambiwa ni pombe, ama amerogwa, na hospitali ndogo haina kifaa cha kupima mkojo wake.

Na donge linachomewa wapi? Wengi huchoma jikoni nyumbani, ama katika duka la mnunuzi wa dhahabu pale sokoni. Anayevuta si mchimbaji peke yake. Ni mtoto anayelala chumba hichohicho, na ni mama mjamzito anayekaa jirani na duka. Zebaki hupita kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni, ambaye ubongo wake ndio kwanza unajengeka. Kwangu mimi hili ndilo zito kuliko yote, na kwenye mikutano sijawahi kulisikia likichukua hata dakika mbili.

Kuna maji pia. Mchanga uliokwisha kuoshwa hubaki na zebaki, mvua inaubeba hadi mito kama Migori na Kuja, na Kuja inaingia Ziwa Victoria. Kwenye matope, bakteria huigeuza kuwa zebaki ya methili, ambayo ni mbaya zaidi. Samaki wadogo wanaila, wakubwa wanawala wadogo, na kila hatua inazidi. Kupika hakuiondoi. Msiniwekee maneno mdomoni: sijasema muache samaki. Nasema maji yapimwe mara kwa mara na matokeo yabandikwe pale watu wanaweza kuyasoma.

Mkitaka kujua kuchelewa kunagharimu nini, someni habari za Minamata, Japani. Kiwanda cha kemikali cha Chisso kilimwaga maji machafu yenye zebaki ya methili baharini kuanzia 1932. Ugonjwa ulitambuliwa rasmi 1956. Serikali ilikubali hadharani kwamba kiwanda ndicho chanzo mwaka 1968, miaka 12 baadaye, na muda huo wote watu waliendelea kula samaki wa ghuba ile. Zaidi ya watu 2,000 walithibitishwa rasmi kuwa waathiriwa. Mkataba wa kimataifa wa zebaki wa 2013 ulipewa jina la mji huo, na Kenya iko ndani.

Hapa ndipo mjadala wetu unapotoka njia. Kwa wachimbaji wadogo, mkataba unataka matumizi ya zebaki yapunguzwe na, pale inapowezekana, yaondolewe. Unataja pia mambo ya kuondolewa: kumwaga zebaki kwenye mawe yote badala ya unga uliochujwa, kuchoma donge wazi, kuchoma kwenye makazi, na kuweka sayanaidi kwenye mchanga ambao bado una zebaki. Unataka mpango wa taifa, na hatua za kuwaingiza wachimbaji hawa kwenye mfumo halali. Sheria yetu ya Madini ya 2016 inawatambua na kuwapa kibali. Asiye na kibali hujificha, na anayejificha huchoma ndani ya nyumba.

Halafu tuulizane zebaki inatoka wapi. Mara nyingi mnunuzi wa dhahabu ndiye anayeileta, anamkopesha mchimbaji, na mchimbaji analazimika kumuuzia yeye kwa bei yake. Msako ukifanywa, anayekamatwa ni yule mama wa karai. Mnunuzi yuko dukani anahesabu.

Njia mbadala zipo, ila si za bure. Ritoti ni chombo kilichofungwa kinachonasa mvuke na kuurudisha kuwa zebaki, kwa hivyo hata gharama inapungua. Meza za kutikisa huchuja dhahabu kwa uzito wake. Wachimbaji wa Benguet, Ufilipino, huyeyusha kwa boraksi bila zebaki kabisa, ingawa unga lazima uchujwe vizuri kwanza na si kila mwamba unakubali.

Kwa hivyo mheshimiwa akija tena na neno marufuku, muulizeni meza ya kutikisa itawekwa kijiji gani na kwa pesa za bajeti ipi. Na yule wa "msiguse vijana", muulizeni donge litachomewa wapi kuanzia kesho.

Asilimia 10 ya mrabaha inayopaswa kwenda kwa jamii, tutaiongelea kwenye uzi wake.