Sura ya 6: Waya Unaoelea

Anayetaka kujiundia maikrofoni ya vali kwa kawaida huanza kwa kuuliza vali. Amesikia habari za U 47, iliyotoka Berlin mwaka 1949 kwa Georg Neumann, mji ukiwa ungali na vifusi vya vita. Amesikia kwamba Frank Sinatra aliimba mbele yake, na Beatles nao kule Abbey Road. Kisha anaambiwa siri yote imo ndani ya VF14, vali ya Telefunken, na kuanzia hapo halali.

VF14 haikuzaliwa malkia. Ilikuwa vali ya kawaida ya redio, uzi wake wa moto ukitaka volti 55. Neumann aliupa kama volti 35 tu, kwa kutumia volti 105 zilezile zilizolisha anodi, akachagua zilizo kimya na kuzirudisha nyingine. Vali hizo ziliacha kutengenezwa zamani, na zilizobaki huuzwa kwa bei ya kukufanya ucheke. Usizitafute. EF86 bado inatengenezwa, uzi wake unataka volti 6.3, na ukiunganisha gridi yake ya pili na anodi ili ifanye kazi kama triodi, inatosha kabisa. Fedha uliyookoa iweke kwenye kapsuli na transfoma ya kutolea sauti.

Kapsuli ni kisahani cha shaba nyeupe kilichotobolewa vitundu vingi, kikavishwa kiwambo cha plastiki kila upande. Kiwambo ni chepesi kuliko ganda la kitunguu, kimepakwa dhahabu, na kati yake na shaba pana pengo jembamba kuliko unywele. Ukikipa volti 60 hivi, umepata kapasita. Sauti inaposukuma kiwambo, pengo hubana na kupanuka. Chaji haina pa kukimbilia, basi volti hushuka na kupanda. Huo ndio wimbo wenyewe, ukiwa umeme.

Ila “haina pa kukimbilia” ni sharti, na hapo ndipo kazi ilipo. Kapsuli ya namna hii ina pikofaradi 80 tu. Ukiweka rezista ya megaohimu 100 kwenye gridi ya vali, piga hesabu: sauti zitaanza kupungua kwenye hezi 20, chini ya masafa ambayo sikio linayajali. Vizuri. Sasa chukua kidole chenye jasho, gusa kiungo kile ambapo waya wa kapsuli unakutana na gridi. Chumvi ya kidole imefungua kinjia, tuseme cha megaohimu 10. Mpaka umepanda hadi karibu hezi 200, na sauti ya mwanamume imepoteza kifua.

Ndiyo maana wajuzi hawakipitishi kiungo hicho kwenye ubao wa sakiti. Hukisimamisha juu ya kijiti cha tefloni, au huacha waya, mguu wa rezista na mguu wa vali vikutane hewani bila kugusa kitu.

Sanduku la umeme linaloilisha maikrofoni halina mengi: transfoma, daraja la diodi, rezista na kapasita za kuchuja mvumo. Lakini liheshimu. Kapasita zile hushika volti zaidi ya 100 hata baada ya kuchomoa plagi, kwa hiyo funga rezista ya kuzimwaga taratibu, kisha pima kwa mita kabla ya kuingiza mkono. Waya wa kwenda kwenye maikrofoni ubebe ardhi yake sawasawa, la sivyo utarekodi mvumo wa umeme wa TANESCO kuliko mwimbaji.

Maikrofoni yangu ya kwanza niliimaliza Tanga, masika yamepamba moto. Nilipoiwasha ilitoa sauti nyembamba kama ya simu, na kila baada ya muda ikapasuka, pa! pa!, kama mahindi kwenye kikaango. Nilibadilisha vali mara mbili. Mwishowe nikaipeleka kwa mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza redio za vali tangu ujana wake. Akaivua ganda, akaigeuzia mwanga wa dirisha.

“Kijana, hapa umeshika?”

“Nilishika kidogo tu, mzee, wakati wa kulehemu.”

“Hiyo kidogo ndiyo unayoisikia.”

Akachovya mswaki mpya kwenye spiriti safi, akasugua mguu wa gridi, akasugua kijiti, akaondoa mabaki ya dawa ya kulehemia yaliyonata kama gundi. Kapsuli hakuigusa. Akakausha kwa kikausha nywele cha binti yake, kwa umbali, dakika nyingi kuliko nilivyoweza kuvumilia. Tukaiwasha, tukaiacha vali ipate moto. Mzee akasogea, akakohoa kidogo, na kikohozi kikatoka kwenye spika kikiwa na uzito wake wote.

“Ivishe ganda,” akasema, “na hapo ndani usirudi tena.”