Kelele Yenye Mpango Ndani Yake

Usiku wa kigodoro huko Tegeta, spika zilizopangwa uwanjani hupiga singeli mpaka alfajiri. Mtu mzima aliyelala nyumba ya tatu husikia kishindo kimoja kisichokatika, na asubuhi huuliza vijana hao wamepatwa na nini. Mwalimu wa sekondari huenda mbali zaidi. Akisikia kwamba mwanafunzi wake hodari wa hesabu alikuwa miongoni mwa waliokesha, humhesabu kuwa amekwisha potea. Hukumu hiyo si ndogo, maana mwanafunzi aliyekwisha kuitwa mhuni huanza kurukwa maswali yanapoulizwa darasani. Yafaa basi kuchunguza kwanza kijana huyo anasikia nini hasa.

Ugomvi kama huo ulizuka Ulaya na Marekani tangu mwaka 1970, kundi la Black Sabbath la mji wa Birmingham lilipotoa santuri yake ya kwanza na kuzaa muziki wa roki uitwao hevi metali. Mpiga gitaa wake, Tony Iommi, alikuwa amekatwa ncha za vidole viwili na mashine ya kiwandani. Baadaye alilegeza nyuzi za gitaa ili zisimwumize, na sauti ikawa nene na nzito. Wazazi walisema ni muziki wa wajinga. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Warwick, Stuart Cadwallader na Jim Campbell, waliwauliza wanafunzi 1,057 wa Uingereza waliokuwa wamechaguliwa kwa vipaji vya masomo. Zaidi ya theluthi moja waliiweka hevi metali katika aina tano za muziki waipendayo. Utafiti huo hauthibitishi kwamba muziki huo huongeza akili. Magazeti yaliyosema hivyo yalikosea. Ulionyesha tu kwamba wenye akili wamo, na kwamba walioupenda walielekea kujithamini kidogo kuliko wenzao na kuutumia kupunguza uzito wa moyo.

Kwa nini muziki huo uwavute? Sehemu ya jibu imo katika fizikia. Uzi wa pili kwa unene wa gitaa la kawaida hutetemeka mara 110 kwa sekunde. Sauti hiyo ikitiwa katika amplifaya kupita uwezo wake, vilele vya wimbi hukatwa juu na chini. Wimbi lililokatwa hivyo huwa na mitetemo mipya iliyoongezeka: 330, 550, 770, na kuendelea. Sauti moja imekuwa kundi la sauti. Wapigaji wa mchiriku wa Dar es Salaam, kama kundi la Jagwa Music la Mwananyamala, walipata mkwaruzo wa namna hiyo kwa kupitisha vinanda vidogo vya Casio katika vikuza sauti vya bei nafuu. Singeli, iliyokua katika mitaa kama Manzese, Tandale na Mburahati, ilirithi ukali huo, ikachukua vipande vya taarabu na kuviharakisha kwa kompyuta. Mapigo yake hufika 200 hata 300 kwa dakika; 300 ni mapigo matano kila sekunde.

Sehemu ya pili ya jibu ni ya ubongo. Mwanasaikolojia Daniel Berlyne, aliyefundisha Toronto, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1971 kwamba kitu chepesi mno huchosha, na kitu kigumu mno hukimbiza. Raha hupatikana katikati. Lakini hapo katikati husogea kadiri mtu anavyozoea. Anayeutazama mchezo wa bao kwa mara ya kwanza huona kete zikimwagwa ovyo, ilhali fundi huona mitego. Kijana mwepesi wa kufahamu hulimaliza upesi pigo jepesi la redioni, akatafuta lenye mafumbo zaidi. Si ajabu kwamba kampuni ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, iliyotoa mkusanyo wa singeli za Mburahati, Sounds of Sisso, mwaka 2017, ndiyo iliyotoa pia mwaka 2020 kazi ya Duma, vijana wawili wa Nairobi waliotoka katika hevi metali.

Hofu ya kwamba ukali huo huwatia vijana hasira ilipimwa Australia mwaka 2015. Leah Sharman na Genevieve Dingle wa Chuo Kikuu cha Queensland waliwakasirisha wapenzi 39 wa muziki wa namna hii, kisha wengine wakausikiliza kwa dakika kumi na wengine wakakaa kimya. Chuki ilishuka kwa makundi yote mawili. Watu 39 ni wachache, na wote walikuwa wameuzoea. Jirani aliyenyimwa usingizi hakupimwa!

Hatari iliyo wazi zaidi iko sikioni. Chembe zenye vinyweleo zinazopokea sauti ndani ya sikio zikifa hazioti tena. Kwa kipimo cha Taasisi ya Usalama na Afya Kazini ya Marekani, mtu asikae katika kelele ya desibeli 85 kupita saa 8. Kila zinapoongezeka desibeli 3, muda hupungua kwa nusu. Basi desibeli 100 ni dakika 15 tu, na kigodoro huchukua usiku kucha. Mlio wa masikio asubuhi yake ni dalili kwamba yameumia.

Hapo mwalimu wa fizikia ana la kumwambia mwanafunzi wake. Uwanjani, umbali kutoka kwenye spika ukiongezeka mara mbili, kelele hupungua kwa desibeli 6 hivi. Aliyesimama mita 1 penye desibeli 100 akirudi nyuma hadi mita 4, hupata desibeli 88, na dakika zake 15 huwa saa 4. Mapigo ya singeli atayasikia yote.