Mtumbwi wa Rukwa na Maji ya Katuma

Jioni ya kiangazi, upepo ukiisha kutulia na jua likielekea kuchwa, mvuvi wa Ziwa Rukwa huusukuma mtumbwi wake kwa upondo hadi kwenye matete, akatega nyavu zake na kungoja. Msomaji wetu wa visiwani asidhani kwamba chombo hicho ni ngalawa. Hakina tanga wala mirengu ya kukizuia kisipinduke, na majini humo, badala ya papa, wamo mamba na viboko, ambao kwa maoni yetu hawana adabu hata kidogo.

Kibaoni haiko ufukweni, lakini kitoweo chake chatoka huko: kambale na magege. Gege huyu wa Rukwa ni perege ambaye asili yake ni bonde hilo tu. Jike hulea mayai na vitoto vyake kinywani, hivyo anayemvua mama wakati huo amevua na kizazi.

Ziwa lenyewe halina mto utokao. Maji yaingiayo huondoka kwa jua tu, na kina chake ni kifupi. Mwaka 1929 urefu wake ulikuwa kiasi cha kilomita 48; mwaka 1939 ulifika kilomita 128. Ziwa la namna hiyo huishi kwa hisani ya mito. Mmoja wa mito hiyo ni Katuma, uanzao kaskazini, ukapita katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi na mabwawa yake, kisha maji yake yakashuka Rukwa kwa Mto Kavuu. Juu huko maji huchepushwa kwenda kwenye mashamba ya mpunga, na kiangazi kikikaza, viboko wa hifadhini hurundikana katika tope kama magunia bandarini.

Sasa tuseme wazi. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 ipo, na kokoro limekatazwa. Ni haki, kwani kokoro hukomba hata vifaranga. Mwaka 2024 wavuvi wa Ziwa Tanganyika, mkoani humo humo Katavi na mikoa jirani, walisimamisha uvuvi tangu tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Waliopata riziki yao majini walikaa nchi kavu miezi mitatu, na haikuwa kazi nyepesi kwa mwenye watoto. Mvuvi basi amekwisha kudaiwa sehemu yake. Je, mwenye mfereji?

Hatusemi mkulima aache mpunga. Wali nao ni chakula, na mara nyingi mvuvi na mkulima ni ndugu wa nyumba moja. Lakini Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 yataka kibali kwa anayechepusha maji ya mto. Twawaomba wakuu wanaohusika watoe orodha ya vibali vya Mto Katuma, ibandikwe katika ofisi za vijiji, Kibaoni ikiwamo, ikionyesha nani achukua kiasi gani na katika miezi ipi. Na mikutano ya kugawa maji ikiitwa, wavuvi wa Rukwa waitwe pia, wala wasipelekewe taarifa mambo yakiisha. Kiangazi ndicho kipindi cha kufanya hivyo, mifereji ikiwa yaonekana kwa macho.