Bisibisi ya Betri kwa Kazi Ndogo za Parokia: Tuchague Ipi?

Tangu tulipoanza kuzihimiza kamati za parokia ziwe na sanduku lao la vifaa vya matengenezo, swali moja limekuwa likitufikia mara kwa mara: je, tununue bisibisi ya betri, na kama ndiyo, ya namna gani? Wafadhili nao hutuuliza hivyo hivyo kabla ya kufunga mizigo. Tunajibu hapa kwa wote, na tunaanza kwa kukiri kosa letu.

Miaka michache iliyopita tulipokea kwa furaha bisibisi tatu za betri kutoka kwa marafiki wa nchi tatu tofauti, zote mpya. Moja ilikuja na chaja ya volti 120, kama umeme wa Marekani ulivyo. Ilichomekwa kwenye soketi yetu ya volti 230 ikatoa moshi siku hiyo hiyo. Ya pili betri yake ilichoka, na betri ya ile ya tatu haikuingia, kwa kuwa kila kiwanda hutengeneza betri kwa umbo lake. Madawati ya shule ya awali yakamalizwa kwa bisibisi ya mkono. Waliotuma hawana lawama. Sisi ndio tulioandika "vifaa vya useremala" kwenye orodha ya mahitaji na kuishia hapo.

Hivyo basi, kamati ianze kwa kuorodhesha kazi zake. Tukisema kazi ndogo tuna maana ya kukaza bawaba za milango na makabati, kufunga vitasa, kufungua vifuniko vya swichi (umeme ukiwa umezimwa), na kuunganisha meza na rafu zinazoletwa vipande vipande. Kwa hayo inatosha bisibisi ndogo ya volti 3.6, ambayo baadhi ya viwanda huiandika 4. Hushikwa kwa mkono mmoja na huzunguka mara 200 hivi kwa dakika. Nguvu yake ya kuzungusha huandikwa kwa alama Nm, na nyingi za aina hii zina kati ya Nm 3 na 6. Nm 1 ni kama kuning'iniza kilo moja kwenye mwisho wa mpini wa sentimita 10. Mwendo huo wa taratibu usidharauliwe: skrubu laini za shaba hukatika, na visanduku vya swichi vya plastiki hupasuka, pale mashine kubwa inapotumika bila uangalifu.

Mninga na mkongo ni habari nyingine. Bisibisi ya volti 3.6 itakwama skrubu ndefu ikiwa haijafika hata nusu. Fundi atatoboa kwanza tundu jembamba kuliko skrubu, kisha atapaka skrubu sabuni kidogo. Hata hivyo, kama kuna madawati arobaini ya kutengeneza, kamati inunue drili ndogo ya volti 12. Hii huwa na Nm 20 hadi 30 hivi, hutoboa na kukaza, na ina klachi, yaani pete yenye namba ambayo huachia skrubu inapofikia kiwango kilichowekwa. Tusichanganywe na namba zilizoandikwa juu ya boksi: mashine moja huitwa ya 10.8 au ya 12, kwa sababu seli zake tatu za 3.6 huzidi kidogo zikijaa chaji. Ndivyo ilivyo pia kwa 18 na 20.

Kuhusu betri, tunashauri lithiamu. Bisibisi za zamani zilikuwa na betri za nikeli na kadimiamu, ambazo hujiishia chaji zikikaa kabatini. Ukiitaka leo, inachajiwa hadi kesho. Mwaka 2003 kampuni ya Bosch ilitoa bisibisi yake ndogo ya IXO ikiwa na lithiamu, na leo bisibisi ndogo nyingi ziko hivyo. Betri hizi huchukia joto, basi zisiachwe ndani ya gari juani wala darini chini ya bati. Zikae na chaji ya nusu hivi, na ziangaliwe kila baada ya miezi michache. Kwa vigango visivyo na umeme, chagueni inayochajiwa kwa waya wa USB kama wa simu. Sola ndogo inayochaji simu za watu itaichaji nayo. Kasoro yake ni kwamba betri mara nyingi imefungwa ndani, na ikifa, wengi hutupa kifaa kizima. Inayotoka ni bora, mradi ya akiba iuzwe mjini kwenu.

Ncha nazo zitazamwe. Shina liwe la pembe sita la milimita 6.35, ambalo ndilo la kawaida. Ncha za nyota zina aina mbili zinazofanana sana, PH na PZ. Ukitumia PH kwenye skrubu ya PZ inateleza na kuharibu kichwa, halafu fundi analaumu mashine.

Kwa wafadhili wanaokuja kwa ndege: bisibisi iwekwe kwenye mzigo mkubwa ikiwa imezimwa kabisa na kukingwa isijiwashe. Betri ya akiba husafiri kwenye mkoba wa mkononi tu, ncha zake zikiwa zimefunikwa. Chaja iwe imeandikwa 100–240V.

Parokia ambayo tayari ina mashine ya betri ituandikie jina la kiwanda, volti, na namba iliyo kwenye betri, ili lolote litakalotumwa litumie betri hizo hizo. Tutaambatanisha taarifa hizo na orodha ya mahitaji ya robo ijayo.