Kosa la Hesabu au Tabia ya Umeme?

Kompyuta ikituonyesha mwenendo wa saketi ya umeme, hatuna budi kujiuliza: hili tunaloliona latokana na saketi yenyewe, au na njia ya kukokotoa?

Tuchukue kapasita yenye volti 10, isiyo na betri, inayopungua kupitia rezista. Tuseme kasi ya kupungua kwa sekunde ni sawa na volti zilizobaki. Tukikokotoa kwa hatua za nusu sekunde, twapata 10, 5, 2.5. Kwa hatua za sekunde 3, twapata 10, -20, 40. Hesabu zote ni sahihi, lakini jibu hili la pili si kweli: volti hizo zimetoka wapi?

Kipimo ni hiki: punguza hatua kwa nusu, urudie. Tabia ya saketi hubaki. Kosa la njia hubadilika au hutoweka.

Basi, mwalimu, mwanafunzi akileta -20, usimkemee kwamba hajui kutoa. Mwongoze alinganishe jibu lake na kitu chenyewe. Asiyefundishwa hivyo ataamini kila tarakimu aonayo.