Programu za Kompyuta Zisizohitaji Fundi

Zamani mtu aliyetaka kompyuta imfanyie kazi mpya hakuwa na budi kumwendea fundi aiandikie amri, mstari kwa mstari. Leo karani asiyejua hata amri moja ya namna hiyo hupanga fomu na majedwali kwa kugusa na kuchagua tu, akajipatia programu yake mwenyewe.

Faida yake si ndogo. Chombo kiitwacho ODK kilianzishwa mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha Washington, Marekani. Maswali yakishaandikwa katika jedwali la kawaida, simu huyaonyesha kama fomu. Mjumbe huijaza kijijini pasipo mtandao, na majibu hupelekwa mtandao upatikanapo. Hapa Uganda, mfumo wa DHIS2 umekusanya takwimu za vituo vya afya tangu mwaka 2012, na fomu zake hupangwa bila kuandika programu upya. Anayeijua kazi ndiye apangaye fomu, na hapo ndipo penye nguvu. Mtunza ghala anafahamu kuliko fundi yeyote ni kitu gani hukosekana katika daftari lake.

Lakini mipaka ya chombo iliwekwa na mwingine, wala haionekani mpaka mtu aigonge. Mwaka 2020, wakati wa korona, Idara ya Afya ya Umma ya England ilikuwa ikipokea majibu ya maabara na kuyaingiza katika majedwali ya Excel ya muundo wa kale. Muundo huo hauchukui zaidi ya mistari 65,536, na mgonjwa mmoja alihitaji mistari kadhaa. Jedwali lilipojaa, yaliyozidi yaliachwa nje, kimya kimya. Kati ya Septemba 25 na Oktoba 2, wagonjwa 15,841 hawakuingia katika hesabu. Wenyewe walikuwa wamepewa majibu yao. Waliokaa nao karibu ndio waliochelewa kutafutwa, nao waliendelea kuchangamana na watu.

Jedwali lile halikuharibika, ndugu wasikilizaji. Lilifanya kama lilivyoundwa. Kwa hiyo kituo kinachotaka kuhamisha kitabu cha matukio, au orodha ya silaha, kutoka karatasi kwenda katika programu ya namna hii kiulize mapema: inabeba mistari mingapi? Ikijaa, itatoa onyo? Na ni nani atakayelinganisha kila jioni idadi iliyotumwa na idadi iliyopokelewa?